Bi Penseli Astaafu: Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuhojiana na Nyufa

Inatangazwa rasmi kwa watumishi wote, wageni waalikwa, na mafundi waashi waliopita tu baada ya kusikia kuna keki, kwamba kuanzia saa kumi jioni ya Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, penseli za Idara ya Ukaguzi wa Majengo zitakuwa zinakutwa palepale zilipoachwa. Idara haijapata habari nzito kiasi hiki tangu birika la ghorofa ya pili lilipoonana tena na mfuniko wake.

Sababu ni moja. Siku hiyo mkaguzi wetu mkuu wa nyumba za kuishi anastaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja. Jina lake kamili limo kwenye jalada lake, na humo limepumzika vizuri sana, maana tangu nianze kazi hapa sijamsikia mtu akilisumbua. Sote tunamwita Bi Penseli. Moja iko nyuma ya sikio la kulia, nyingine imechomekwa kwenye nywele, na ya tatu anayo mkononi akiitafuta ya nne.

Kamati ya maandalizi ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka ishirini na moja, meza zikitazamana, kiasi kwamba namjua kwa visigino vya viatu kabla hajafika kwenye ngazi. Ya pili, mimi ndiye nitakayekaimu nafasi yake kuanzia Jumatatu, kwa hiyo walijua sitambania sifa. Hawakukosea. Lakini kamati hiyohiyo ilipomuuliza mstaafu anapenda zawadi gani, saa ya ukutani au seti ya vikombe, alisema hataki saa wala vikombe. Anataka kile kisa cha nyumba ya fundi cherehani kisimuliwe mara moja tu kama kilivyokuwa, na akisimulie anayekijua. Kisha akanitazama.

Anayekijua ni mimi. Nikishakisimulia, huenda kamati ikaona afadhali kile kiti kikaliwe na mtu mwingine, na sitamlaumu mtu. Zawadi yake nimeiweka mwisho, kama mtoto anavyozungushazungusha kijiko cha dawa akitumaini mama atasahau. Tuanze na matamu.

Bi Penseli aliingia idarani akiwa na miaka ishirini na saba, akiwa karani wa masjala. Kazi yake ilikuwa kupokea barua za wananchi wanaolalamikia nyumba zao, kuzigonga mhuri na kuzilaza kwenye majalada. Barua nyingi zilikuwa na sentensi moja: ukuta wangu una ufa, naomba msaada. Karani mpya akaona hizi ni sawa na mgonjwa anayefika zahanati, anasema naumwa, halafu ananyamaza. Akaanza kuwajibu kwa penseli, bila kumwomba mtu ruhusa. Ufa umeanzia wapi? Unaelekea wapi? Ni mpana juu au chini? Mlango wa chumba hicho bado unafunga vizuri, au siku hizi unausukuma kwa bega? Uliuona kabla ya mvua au baada?

Watu wakajibu. Wengine walichora. Mzee mmoja alituma mchoro wa nyumba yake wenye mke, mbuzi na kila kitu, na ufa akaupa rangi nyekundu. Baada ya mwaka mmoja, mkuu wa idara wa wakati huo aligundua kwamba droo ya karani wake inajua habari za nyumba za mji huu kuliko wakaguzi wake wote wanne. Akampeleka chuoni miaka miwili. Alirudi mkaguzi, na nina hakika alirudi na penseli ileile.

Tangu hapo amekagua nyumba zaidi ya elfu nne na amefundisha wakaguzi kumi na wanne, nikiwemo mimi, ambaye huwa ananihesabu wa mwisho hata orodha ikianzia kwangu.

Alichotufundisha kinaingia kwenye kiganja. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama utando wa buibui ni plasta iliyokauka haraka kuliko ilivyopenda; paka rangi, kalale. Ufa wa mshazari unaochomoza kwenye kona ya dirisha au mlango unakwambia uzito wa ukuta umekosa pa kukalia juu ya uwazi ule, au msingi umeshuka upande mmoja. Ufa wa kulala kwenye ukuta unaozuia udongo, na ukuta wenyewe umetoa tumbo, maana yake udongo unasukuma na siku moja utashinda. Na ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya matofali, ukiwa mwembamba chini na mpana juu, huo ni wa kuvulia kofia: upande mmoja wa nyumba umeanza safari bila kuaga mwingine.

Kwa wenye nyumba alikuwa na kipimo chake, kile cha ukucha, sarafu na kidole. Ufa usioingiza hata ukucha, ziba na usahau. Ufa unaoingiza sarafu, uwekee alama kwenye ncha zake, andika tarehe, subiri uone kama unatembea. Ufa unaoingiza kidole, toka nje kwanza, maswali baadaye. Lakini hapohapo huongeza kwamba upana ni nusu ya habari. Ufa mpana uliolala miaka kumi una heri kuliko mwembamba unaotembea kila wiki.

Kuna methali moja tu asiyoipenda, na kwa bahati mbaya ndiyo kila mtu humkaribisha nayo mlangoni, akidhani amempa maua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bi Penseli hutabasamu kwa meno ya mbele tu, akajibu kwamba wapo wanaoziba bila kuuliza, nao hujenga ukuta vilevile, isipokuwa wao hununua na rangi juu yake. Mhasibu mmoja mstaafu alikuwa anaupaka rangi ufa wa sebuleni mara nne kwa mwaka, na akafurahi sana tulipofika kumpongeza kwa usafi. Bi Penseli aliutazama, akagusa kona ya dirisha, akamwambia kwa upole: “Baba, huu hujauziba. Umeuvisha.” Mhasibu alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja kuomba fundi.

Na wale mume na mke waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ufa wa juu ya mlango wa jikoni? Mume alishikilia kwamba mke anaubamiza mlango akikasirika. Mke alishikilia kwamba akikasirishwa ataubamiza tena. Bi Penseli alikwangua plasta kidogo, akakuta fundi aliyejenga alipitisha matofali juu ya mlango bila boriti ya kuyabeba. Aliwaandikia cheti, kwa mhuri wa idara, kinachothibitisha kwamba hasira za mama mwenye nyumba, pamoja na ukubwa wake, hazina uwezo wa kupasua ukuta. Mke alikipigilia kwenye mlango uleule. Nasikia mume sasa ndiye anayeubamiza.

Mimi pia nina ukurasa wangu kwenye historia hii. Wiki yangu ya pili kazini nilitumwa peke yangu kwa mwalimu mmoja, nikakuta kwenye kona ya chumba chake cha kulia ufa mweusi, mwembamba, unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye dari kwa mkunjo wa kutisha. Nikaupima. Nikauchora. Nikaandika ukurasa mzima na kupigia mstari neno hatari mara mbili. Mchana nikamleta Bi Penseli mbiombio akashuhudie mwenyewe, na ufa haukuwepo. Walikuwa sisimizi. Walikuwa wamemaliza kuhamisha makombo ya mkate na wamekwenda zao. Bi Penseli hakucheka mbele ya mwalimu. Alichukua penseli, akaweka alama mbili ndogo pale nilipoonyesha ncha za ufa, akaandika tarehe, akamwambia mwalimu kwamba idara itaendelea kufuatilia. Alicheka tulipofika kwenye kona ya barabara, akashikilia nguzo ya taa, na watu wawili wakaja kumuuliza kama anahitaji kupelekwa hospitali. Mpaka leo nikichelewa kazini huniuliza nyufa zimehamia wapi.

Nyumbani kwake hali si tofauti. Mume wake, ambaye ni mpishi wa shule na ndiye aliyeoka keki mnayoikodolea macho, anasema siku waliyokwenda kusalimia wakwe wa binti yao, mke wake aligonga ukuta kwa kidole kabla ya kubisha hodi. Wakwe wakadhani ni adabu za kwao. Wakamgongea na wao kwa ndani.

Hapa ofisini, ule ufa ulioko nyuma ya kabati la faili amekuwa akiuwekea alama tangu akiwa karani. Wakati wa kiangazi unarefuka upana wa vidole viwili, mvua zikinyesha unarudi, kwa sababu udongo ulio chini yetu hunywa maji ukavimba na kukauka ukasinyaa. Tarehe zimepangana pale ukutani kama vipimo vya urefu wa mtoto. Mkuu wetu wa sasa alitaka kuupaka rangi ili apokee wageni. Bi Penseli hakubishana. Alimletea kiti, akamwonyesha tarehe ile mkuu mwenyewe alipoajiriwa. Ukuta haukupakwa rangi. Kabati lilisogezwa ili wageni wauone vizuri.

Basi. Keki inakatwa saa tisa na nusu, na sasa hivi sina pa kukimbilia.

Kila mtumishi mpya katika wiki yake ya kwanza husimuliwa kisa cha nyumba ya fundi cherehani. Husimuliwa kwamba miaka kumi na tisa iliyopita Bi Penseli alikuwa anapita mtaani, mvua inanyesha, ghafla akasimama, akaingia kwenye nyumba asiyoijua, akabandika sikio ukutani, akafumba macho, akasema: tokeni. Familia ya watu saba ikatoka mbio bila viatu, na wa mwisho alipovuka kizingiti, ukuta ukaanguka nyuma yake, puuu. Wapo wanaosema aliusikia ukuta ukilia. Karani wetu wa sasa wa masjala huongeza kwamba ulimtaja jina.

Hii ndiyo iliyotokea.

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, ya matofali, vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani mbili na vitambaa vya sare za shule. Cha kati walilala fundi na mkewe. Cha nyuma alilala mama mzazi wa fundi pamoja na wajukuu wanne, kwenye kitanda kimoja kikubwa cha mbao. Ukuta wa chumba hicho cha nyuma ndio uliokuwa na ufa wa ngazi, mwembamba chini, mpana juu. Fundi mwenyewe alituandikia barua. Bi Penseli alikwenda, akaukagua, akaweka alama zake, akaagiza kibandikwe kioo.

Kwa wasioijua kazi yetu: tunachukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, tunakibandika kwa simenti kukatiza ufa, ncha moja upande huu, nyingine upande ule. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika. Kikikaa kizima, ukuta umetulia. Kikivunjika, kimefanya kazi tuliyokituma, na mwenye nyumba anatakiwa atuite siku hiyohiyo.

Aliyetumwa kukibandika ni mimi. Nilikuwa na miaka miwili kazini na koti jipya la idara lenye nembo mfukoni, na siku hiyo nilitembea kama vile nembo ndiyo inayonibeba. Kioo nilikibandika vizuri, hilo sidaiwi. Kisha nikamgeukia bibi wa nyumba, nikakohoa, nikampa maelekezo kwa sauti nene niliyokuwa nimeanza kuifuga mwaka ule.

Nilirudi baada ya wiki nane. Kioo kizima. Bibi akanipa chai, nikaandika: ukuta umetulia. Nikarudi wiki ya kumi na sita. Kizima, tena kinang'aa. Chai, andazi, ukuta umetulia. Wiki ya ishirini na nne kilikuwa kisafi kuliko siku niliyokibandika, nikamsifu bibi kwa kukitunza, naye akashusha pumzi ndefu, nikadhani ni ya furaha. Nikaandika kwamba ukuta umetulia kabisa na kwamba jalada lifungwe.

Bi Penseli hafungi jalada la mtu mwingine bila kwenda mwenyewe. Jumanne iliyofuata tulikwenda wote. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na mvua yoyote. Alimwamkia bibi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akavuta kigoda akakaa, akaomba maji ya kunywa. Hakugusa ukuta. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kioo changu nikikionyesha kwa mkono mzima, kama mtu anayeuza friji. Yeye alikuwa anatazama upande mwingine, kwenye picha za familia.

Zilikuwa picha nyingi, zimetundikwa safi, kila moja na fremu yake ya mbao. Na hakuna hata moja iliyokuwa na kioo. Harusi ya fundi ilikuwa imejikunja kona kama jani kavu. Mimi nilikuwa nimekunywa chai chini ya harusi ile mara tatu.

“Mama,” Bi Penseli aliuliza, “hizi picha zimepatwa na nini? Mbona zimebaki uchi?”

Bibi akainama. Akanitazama mimi, akatazama mlango, akainama tena. Bi Penseli akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akamwambia: “Niambie tu mama yangu. Mimi si askari.”

Bibi akapiga magoti, akaingiza mkono uvunguni, akatoa kopo la biskuti. Ndani, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake cha sare, mlikuwa na vioo saba, vyote vimekatika katikati.

“Vyote vipo,” alisema. “Sijatupa hata kimoja, hesabuni. Huyu baba alinisimamia hapa akaniambia, bibi, hiki ni mali ya ofisi, kisiguswe, na nikirudi nikikute kizima. Sasa kinavunjika chenyewe! Sikigusi, naapa. Kikivunjika nabandika kingine. Kila akirudi, si anakikuta kizima? Muulizeni. Kuna siku amekikosa?”

Marehemu mume wake alikuwa fundi vioo na alimwachia kisu chake cha kukatia. Lakini bibi alikuwa anakata bila miwani, hivyo kila kioo cha picha kilitoa kipande kimoja na majuto matatu.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni. “Mama! Na mimi nimewachapa watoto kwa ajili ya ile picha ya harusi!”

“Wanao wana makosa mengine,” bibi akamjibu. “Haikupotea bure.”

Hakuna aliyenitazama, na ningependa kusema hilo lilinisaidia.

Bi Penseli alivipanga vile vioo sakafuni, kwa mstari, kisha akaanza kuuliza. Hiki mama kilivunjika lini? Bibi hakujua tarehe lakini alijua kila kitu kingine. Cha kwanza, changu mimi, kilivunjika siku mjukuu wa pili alipong'oka jino. Cha pili, siku sare za shule ya msingi zilipochukuliwa. Cha tatu, siku shangazi mtu alipokuja na magunzi badala ya mahindi. Mke wa fundi akaletwa na kalenda yake ya maagizo ya wateja, wakasaidiana, na Bi Penseli akawa anaandika kwa penseli sakafuni, chini ya kila kioo, muda kilioishi. Wiki tisa. Wiki sita. Wiki nne. Wiki tatu. Siku kumi na moja. Siku sita. Siku tatu.

Cha nane kilikuwa ukutani. Bibi alikuwa amekibandika jana yake, saa saba mchana.

Bi Penseli akausoma ule mstari mara moja tu. Akainuka, akamshika bibi mikono yote miwili. “Mama, ahsante. Ofisi yangu nzima haijawahi kutunza kumbukumbu namna hii. Sasa tunahama. Sasa hivi, chai tutakunywa nje.”

“Na kioo?”

“Hicho tunakiachia ukuta.”

Kuhama kwenyewe kulikuwa vituko. Fundi alitaka sare zitoke kwanza, mkewe alitaka masufuria, bibi alitaka wajukuu waitwe kutoka shuleni ili wasije wakarudi nyumbani wakakuta hakuna mtu. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikiwa na koti langu. Bi Penseli akapita na godoro kichwani, akaniambia neno lake la kwanza tangu kopo lifunguliwe: “Shika mguu wa cherehani.” Nikashika. Kufika saa sita mchana kila kitu kilikuwa kwa dada yake fundi, ng'ambo ya barabara, isipokuwa kile kitanda kikubwa. Kilikuwa kimeundwa humohumo ndani na hakikupita mlangoni, tukakiacha.

Ukuta ulianguka Alhamisi asubuhi, saa nne. Ulianguka kwa ndani. Ulilala wote juu ya kitanda, kutoka kichwani hadi miguuni, na nilipokwenda kuandika taarifa niliandika tarehe nikaishia hapo. Mafundi walipochimba walikuta bomba la bafu la nje limepasuka, maji yamekuwa yakiula udongo chini ya msingi kwa muda mrefu.

Taarifa ile aliimalizia yeye. Kwenye sehemu ya makosa aliandika kwamba idara ilimtia hofu mwenye nyumba badala ya kumweleza, na kwamba kosa ni la idara. Nilimuuliza kwa nini hakuandika jina langu. Akasema: “Kioo nilikufundisha. Kuongea na mtu sikukufundisha.” Kisha akanituma kwa bibi, Jumamosi mbili mfululizo, nikazirudishie picha zake vioo. Bibi alinisimamia mlangoni mikono kiunoni, akaniambia nisiguse kitu kingine chochote, na kwamba akirudi anikute mzima.

Kuhusu sikio, hilo nalo ni langu. Ijumaa ya wiki ile, kwenye chumba cha chai, watu walimuuliza Bi Penseli amejuaje. Kabla hajafungua mdomo nikasema mimi: aliweka sikio ukutani. Lilikuwa ni jambo la kwanza lililonijia, na lilikuwa afadhali kuliko kusema kwamba alimuuliza bibi swali moja la kistaarabu. Watu wakapiga makofi. Mwezi uliofuata mvua ikaongezwa, na viatu, na kilio, na mimi nikaendelea kunywa chai. Ukuta ule haukusema neno. Aliyesema ni bibi, na aliyemfunga mdomo kwa wiki ishirini na tano ni mimi.

Bi Penseli angeweza kuusahihisha uongo huo siku yoyote katika miaka kumi na tisa. Asingehitaji hata dakika mbili. Lakini asingeweza kusema alichokifanya yeye bila kusema nilichokifanya mimi, kwa hiyo kila kisa kilipoanza kusimuliwa alikuwa anatazama chini, anachonga penseli, na anakubali kuitwa mchawi.

Hiyo ndiyo zawadi yako, dada yangu. Imechelewa, na saa ya ukutani ingekuwa rahisi zaidi. Ahsante kwa godoro ulilobeba kichwani, kwa jina ambalo hukuliandika, na kwa kunifundisha kuongea na mtu baadaye, polepole, nyumba kwa nyumba. Sisi wote wa idara tunakuombea mapumziko marefu: kuta zako zikae kimya, na wajukuu wakupigie kelele.